Kompyuta Yenye Jasusi Ndani

Mhadhara uliosomwa mbele ya wenye saiba, walimu na wakazi wa Tala, Kaunti ya Machakos



Nimekuja na flash mfukoni. Aliniachia mwalimu mmoja ambaye mtihani wake wa muhula umo humu. Aliichomeka kwenye kompyuta ya saiba, akaona folda zake zote zipo, kwa majina yale yale aliyoyaandika mwenyewe: Hisabati Gredi ya 7, Barua za TSC, Picha za Harusi. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni. Kila folda ilikuwa na kimshale kidogo kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto. Alibofya, folda ikafunguka, akachapisha mtihani, akalipa, akaenda zake. Kesho yake kila flash iliyochomekwa kwenye mashine ile ilitoka na vimshale.

Hebu tukitazame kimshale hicho kwa karibu. Ukiangalia sifa za hicho kinachojiita Hisabati Gredi ya 7, unakuta si folda. Ni njia ya mkato, kitu cha kilobaiti moja au mbili, na ndani yake mna amri ya mstari mmoja: kwanza amsha faili fulani inayoishia na herufi vbs, kisha fungua folda halisi, ambayo imefichwa isionekane. Ndiyo maana mwalimu hakushuku kitu. Alichokitaka alikipata; alichokiamsha hakukiona.

Sisi huviita virusi vya shortcut, na tumevizoea kama tulivyozoea vumbi la kiangazi. Tunafuta, vinarudi, tunafuta tena. Lakini mmoja wa wanaojulikana sana katika ukoo huo ni H-Worm, anayeitwa pia Houdini. Kampuni ya usalama ya FireEye ilimweleza kwa kirefu mwaka 2013, na kazi yake hasa si kuficha folda. Kuficha folda ni nauli yake ya kutoka mashine moja hadi nyingine. Akishafika humtafuta bwana wake kupitia intaneti, humwambia nimeshaingia kompyuta fulani yenye mfumo fulani, kisha hukaa akingoja amri: lete faili ile, endesha programu hii, pakua na mwenzako ukae naye humu. Mwalimu alidhani flash yake imeharibika. Kumbe mashine aliyoitumia ilikuwa na mtu mwingine anayeiendesha kwa mbali.

Nina jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: kompyuta iliyoingiliwa haifai kuwa shahidi wa afya yake yenyewe. Skrini yake, orodha zake, hata ile alama ya kijani inayosema uko salama, vyote vinapitia mikononi mwa aliyeingia. Fundi akisahau hilo, atatoza pesa za watu kwa kazi ambayo haikufanyika.

Tuelewane kwanza juu ya jina la programu jasusi. Virusi vya zamani vilitaka kuonekana. Viliharibu faili, viliandika matusi kwenye skrini, vilizima mashine. Programu jasusi ina tabia nyingine: inataka kompyuta iendelee kufanya kazi vizuri, uendelee kuitumia, uendelee kuandika. Baadhi yake hunasa kila kitufe unachobonyeza. Nyingine hazina hata haja ya kusubiri uandike, kwa sababu zinajua mahali ambapo kivinjari huweka nywila zote ulizokiambia kizikumbuke, na huzizoa kwa sekunde chache. Agent Tesla, iliyojulikana tangu mwaka 2014, hufanya kazi zote hizo mbili, kisha hutuma mavuno kwa barua pepe. RedLine, iliyojitokeza mwaka 2020, iliuzwa kwa yeyote mwenye pesa, mpaka polisi wa Uholanzi, Marekani na nchi nyingine wakavunja mitambo yake mwezi Oktoba 2024. Hazikutengenezwa kwa ajili ya Tala. Lakini hazichagui mji.

Sasa fikirini kompyuta moja ya saiba hapa mjini. Asubuhi mama kutoka Kyeleni amekuja kuwasilisha ripoti ya KRA kwenye iTax. Baada yake kijana wa Nguluni ameingia eCitizen kuomba cheti cha tabia njema. Mwanafunzi kutoka Kinyui anachagua kozi za KUCCPS, mwalimu anatoa hati ya mshahara, na mzee asiyejua kuandika kwa mashine amemtajia kijana wa saiba nywila yake kwa sauti, naye kijana, kwa wema kabisa, ameiandika na kubofya ndiyo pale kivinjari kilipouliza kama kiikumbuke. Jioni mashine moja ina siri za watu thelathini. Ndiyo maana nasema kuisafisha mashine hiyo ni kutunza amana. Si sawa na kusafisha simu yako ya michezo.

Jasusi anaingilia wapi? Flash tumeiona. Viambatisho vya barua pepe vinavyojiita ankara au oda ya bidhaa ni mlango mwingine. Lakini mlango mpana kuliko yote, na nasema haya kwa watu ninaowapenda, ni programu za kuvunjwa kufuli: Windows ya kuwezeshwa kwa kidude kilichopakuliwa mahali, Office ya bure, programu ya kuhariri picha ambayo kwa haki ni ya kulipia. Mmeona maelekezo yanayokuja nayo. Mstari wa kwanza huwa ni mmoja: zima antivirus kabla ya kuendelea. Mtu amekuomba umfungie mbwa ndipo aingie, nawe umemfungia.

Najua sababu. Leseni ni ghali na biashara ni ndogo. Ila kuna jambo ambalo wengi hapa hawajaambiwa na waliowauzia. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya, zikiwa ni za enzi ya Windows 8 au baada yake, zimebeba leseni halali ndani ya ubao wake wenyewe. Ukiweka Windows kutoka kwa Microsoft, toleo lile lile la leseni, mfumo huisoma na kujiwezesha bila kukuuliza. Kuna watu wanaendesha kidude cha wizi kwenye mashine ambayo tayari ina haki yake. Na asiye na leseni kabisa ana Linux na LibreOffice, ambazo ni bure kwa halali, na zinachapa mtihani na barua vizuri tu.

Zana za kuondoa majasusi zina historia ambayo fundi anafaa kuijua, maana bado anazikuta zikitajwa. Ad-Aware ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2000 Mjerumani Patrick Kolla akatoa Spybot Search & Destroy. Ilipofika mwaka 2003 kulikuwa na kero kubwa iliyoitwa CoolWebSearch, iliyoteka vivinjari na kuvipeleka kwenye kurasa ilizozitaka yenyewe, na kijana Mholanzi, Merijn Bellekom, akaandika chombo maalumu cha kupambana nayo, pamoja na HijackThis, iliyoorodhesha kila kilichojipachika kwenye mfumo. Desemba 2004 Microsoft ikainunua kampuni ya Giant, na zana yake ya kupambana na majasusi ndiyo iliyokuja kuwa Windows Defender, hii mnayoiona leo kwa jina la Microsoft Defender kwenye kila mashine mpya ya Windows. Malwarebytes ikaja baadaye. Nyingi za zile za mwanzo zimeshapitwa. Mkikuta fundi anataka kuendesha ComboFix kwenye Windows 10, mzuieni. Haikutengenezwa kwa mfumo huo.

Na palipo na dawa pana dawa bandia. Miaka ya 2000 zilienea programu kama WinFixer, zilizomwambia mtu kompyuta yako ina maambukizi mamia, lipa tuyatoe. Maambukizi hayakuwapo. Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki waliokuwa nyuma yake Desemba 2008, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru mmoja wao alipe dola milioni 163. Mtindo wenyewe haujafa. Ukurasa ukikuambia umeikagua kompyuta yako na kukuta kitu, ujue ukurasa hauna uwezo huo.

Basi niwaelezee mashine moja, tangu ilipoingia hadi ilipotoka.

Ililetwa kwa bodaboda, imefungwa ndani ya leso. Mwenyewe alisema imekuwa nzito tu. Nikamwuliza mara tatu ni nini kilichowekwa humo siku za karibuni, na mara ya tatu ndipo akakiri kuwa kijana wake alipakua programu ya kubadilisha video. Ninyi mnaopeleka mashine kwa fundi, mficha uchi hazai. Jibu hilo liliniokolea nusu siku.

Niliiwasha nikaihesabia. Dakika tisa kabla sijaweza kufungua chochote. Kivinjari kilifunguka kwenye ukurasa wa utafutaji nisioujua. Tovuti za habari zilikubali. Nilipoandika anwani ya kampuni ya antivirus, nikaambiwa haipatikani; nikajaribu ya pili, haipatikani; ya tatu vilevile. Mtandao unaokufikisha kwa kila mtu isipokuwa daktari hauna tatizo la mtandao. Conficker, iliyoanza kuenea Novemba 2008, ilikuwa na mchezo huo huo wa kuziba majina ya kampuni za usalama. Hapa kwangu ujanja ulikuwa rahisi zaidi: faili ya hosts ndani ya Windows ilikuwa imeongezewa mistari mingi iliyoelekeza majina hayo kwenye kompyuta yenyewe, yaani pasipo na kitu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti na kuzima Wi-Fi. Vijana hupenda kuanza na kupakua zana. Hapana. Maadamu mashine iko hewani, jasusi anaendelea kutuma, na unapomng'oa huku anaweza kuvuta nakala yake mpya kule.

Cha pili kilikuwa kuokoa kazi za mwenyewe, kabla sijagusa ugonjwa, kwa sababu kuondoa kitu kilichojishika na mizizi ya mfumo huweza kuuangusha mfumo mzima. Niliwasha mashine kwa flash yenye Linux, ili Windows ibaki imelala na kila kilichomo ndani yake kilale nayo. Nikanakili nyaraka, majedwali na picha. Programu sikunakili hata moja. Chochote kilichoishia na exe, scr, vbs au lnk kilibaki pale pale. Nilivyovinakili nikavikagua kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, na folda zilizofichwa nikazirudisha kwa amri ya attrib, ile yenye -h -r -s /s /d, ambayo kila mwenye saiba angefaa kuiandika ukutani.

Hapo tu ndipo nikaleta zana. Nilizipakua kwenye mashine safi, kutoka tovuti za wenyewe walioziandika, si kutoka kurasa zile zenye vitufe vitano vya kupakua ambavyo vinne ni vya uongo. Bando lilikwenda, kwa maana orodha za kuwatambua majasusi ni nzito na lazima ziwe mpya. Flash niliyozibebea nilijua itaambukizwa mara tu nitakapoichomeka, kwa hiyo niliihesabu kama glavu za daktari: ikishaingia mle hairudi kwenye mashine nyingine mpaka imefomatiwa. Mwenye kifaa cha kuandikia diski za CD asikitupe. Diski iliyokwisha kuandikwa haiambukizwi.

Kwanza nilitumia ukaguzi wa nje wa Microsoft Defender, ule unaoiwasha upya kompyuta na kukagua kabla Windows haijaamka. Huchukua kama robo saa. Naupenda kwa sababu ninayowaambia tangu mwanzo: haumwulizi mgonjwa. Ulikamata vitu viwili. Kisha nikaingia kwenye hali salama, ile inayokuandikia Safe Mode kwenye pembe nne za skrini, ambamo Windows huamsha vilivyo vya lazima tu. Kwenye Windows 10 unafika huko kwa kushikilia Shift huku ukichagua kuiwasha upya; kwenye Windows 7 ni kitufe cha F8.

Nikaweka Malwarebytes. Ikakataa kufunguka. Nabofya, kipanya kinazunguka, kinanyamaza. Nikaendesha RKill, ambayo kazi yake ni kusimamisha michakato ya wavamizi inayoendelea, bado ikawa vile vile. Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa, na sababu ni ndogo. Ndani ya rejista ya Windows kuna mahali ambapo unaweza kuandika jina la programu na kusema, kila ikiitwa hii, fungua ile badala yake. Mahali hapo paliwekwa kwa ajili ya waandishi wa programu wanaotafuta kasoro. Jasusi wangu alikuwa amejaza hapo majina ya zana zinazojulikana. Nilibadilisha jina la faili ya Malwarebytes nikaliita explorer, nikabofya, ikafunguka kama mlango usio na kitasa.

Ilikagua kwa saa tatu na nusu. Kaeni na subira katika saa hizo, na mashine iwe imeunganishwa na UPS au iwe na betri nzima, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kufuta, unaweza kubaki na Windows isiyoamka. Msiweke pia antivirus mbili za kulinda kwa wakati mmoja. Hugombana, kila moja ikimdhani mwenzake ni mwizi. Tumia moja, imalize, kisha nyingine. Baada ya Malwarebytes niliendesha AdwCleaner kwa ajili ya vile vilivyojibandika kwenye kivinjari.

Halafu nikafungua Autoruns. Iliandikwa na Mark Russinovich na hutolewa bure na Microsoft. Inaonyesha kila kinachojiwasha pamoja na mashine. Safu ya njano ina maana faili haipo, ya waridi ina maana haina mtengenezaji aliyethibitishwa. Kati ya safu za waridi kulikuwa na moja iliyojiita Windows Update. Nikasoma mahali ilipotoka: folda ya Temp ya mtumiaji. Sasisho la kweli la Windows haliishi humo. Zana mbili zilikuwa zimeipita, na ni jicho lililoikamata. Kwa hiyo msiniambie mashine ni safi kwa kuwa programu imesema imekuta sifuri.

Baada ya kuing'oa nilirudisha faili ya hosts, nikaondoa anwani ya wakala iliyoachwa kwenye mipangilio ya mtandao (ikibaki, mteja atarudi kesho akisema umemharibia intaneti), nikafuta nukta za zamani za kurejesha mfumo kwa sababu hubeba nakala za ugonjwa, nikaiwasha upya na kukagua yote tena kuanzia mwanzo. Siku mbili zilikwisha.

Kisha nikaifuta diski nzima na kuweka Windows upya.

Naona mnatazamana. Sababu ni ya mwaka 2010. Februari mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililoitwa MS10-015, na kompyuta nyingi zikaanza kuanguka kwenye skrini ya bluu zilipoliweka. Watu wakailaumu Microsoft. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mashine hizo zilikuwa na mvamizi aitwaye Alureon, aliyejificha ndani kabisa ya kiini cha Windows na kutegemea vitu kukaa mahali pale pale. Sasisho lilipovisogeza, yeye akajikwaa na kuiangusha mashine pamoja naye. Wenye mashine hizo walikuwa wakizitumia kila siku. Hakuna kilichowaambia wana mgeni.

Hukumu yangu ni hii. Kompyuta ya nyumbani iliyotekwa kivinjari tu na matangazo, isafishe, iangalie wiki moja, inatosha. Kompyuta ambamo umekuta kinasa vitufe, mwizi wa nywila au mlango wa kuendeshwa kwa mbali, na inatumiwa na watu wengine, zana zikutumikie kujua ni nani aliyekuwamo na tangu lini, kisha ifutwe. Fundi anayefomati bila kuchunguza simsifu pia, kwani hawezi kumwambia mteja kilichoibiwa ni nini.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wakulima kiliniletea kompyuta ya ofisi. Niliikuta na jasusi wa barua pepe, nikamtoa, nikaikabidhi ikiwa nyepesi kama mpya, na mhasibu akanishukuru. Sikumwambia abadilishe nywila. Niliona kazi yangu ni mashine. Wiki chache baadaye mnunuzi wao alipokea barua kutoka kwenye anwani yao halisi ikimweleza kwamba akaunti ya benki imebadilika. Akalipa. Nywila ilikuwa imeshaondoka kabla sijafika, na aliyeichukua hakuihitaji tena kompyuta ile. Ni pesa za watu waliochuma kahawa punje kwa punje kwa mikono, na hadi leo nikipita kwenye mashamba ya kahawa ya Matungulu nazikumbuka.

Kuondoa jasusi hakurudishi alichokwisha kutuma. Nywila zote zilizowahi kuandikwa kwenye mashine ile zibadilishwe, kwenye kifaa kingine kilicho safi, barua pepe kwanza kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Mwenye saiba awaambie wateja wake. Najua ni aibu kubandika tangazo mlangoni kwamba mashine yako iliingiliwa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiulizi kuhusu aibu: anayeshika taarifa za watu zikaingiliwa na kuwaweka hatarini, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Kwa upande wa mvamizi, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamwekea anayeingia kompyuta ya mtu bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3. Anayenasa mawasiliano yanayopita, faini inaweza kufika milioni 10 au kifungo miaka 5. Vijana wa saiba mnaojaribu vinasa vitufe kwa ajili ya kujifunza, jueni mnacheza na nini.

Mtaniuliza habari za simu, na wakati umenibana, lakini siwezi kuzipita. Septemba 2025 watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walisema wamekuta programu jasusi ya FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji filamu wa Kenya waliokamatwa mwezi Mei mwaka huo, na kwamba iliwekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. FlexiSPY haihitaji mtaalamu. Inauzwa waziwazi, na inahitaji mtu aishike simu yako kwa dakika chache tu. Anaweza kuwa afisa, anaweza kuwa mume, anaweza kuwa mke. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya kuingiliwa mawasiliano yake, na sioni ndoa wala cheo vikiwa vimeachwa nje ya ibara hiyo. Mnaporudishiwa simu iliyokuwa imechukuliwa, itendeeni kama mnavyoitendea kompyuta: msiiulize yenyewe. Okoeni picha, irudisheni kwenye hali ya kiwandani, kisha badilisheni nywila.

Nina onyo moja na ombi moja kwa wenye saiba mlioko hapa. Windows 7 iliacha kupata masasisho Januari 2020, na ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Na ombi ni hili: kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nendeni kwenye kila mashine, fungueni mahali kivinjari kinapoweka nywila, mhesabu ni za watu wangapi. Zifuteni zote, na mkizime kile kiulizo cha kukumbuka nywila kisiulize tena.

Na ninyi wengine, mama wa Kyeleni, kijana wa Nguluni, mwalimu wangu mwenye flash: kama umewahi kuingia eCitizen, iTax au barua pepe yako kwenye mashine ya watu, badilisha nywila hiyo usiku wa leo, kwa simu yako mwenyewe. Asiyejua namna anione hapo mlangoni tukitoka. Nitakaa mpaka wa mwisho amalize.